Kukaza tumbo wakati wa upasuaji wa kizazi: Mambo ya kupima kabla ya kukubali

Na MWANDISHI WETU

KAWANGWARE na Lavington ni mitaa jirani magharibi mwa jiji la Nairobi, lakini maisha ya wakazi wake hayafanani. Kawangware ni mtaa wa akina mama wanaofua nguo kwa malipo ya siku, wanaouza mboga kando ya barabara na wanaodamka alfajiri kuteka maji kabla ya foleni kurefuka. Upande wa pili, kutoka Lavington hadi Kilimani na Hurlingham, mna kliniki nyingi za kibinafsi, zikiwemo zinazotoa huduma za kurekebisha umbo la mwili.

Kwa muda mrefu upasuaji wa kukaza tumbo ulihesabiwa kuwa anasa ya wenye pesa. Hata hivyo, mwanamke yeyote aliyezaa watoto kadhaa, kisha akaambiwa na daktari kwamba hana budi kupasuliwa ili aondolewe uvimbe wa kizazi, ana haki ya kujiuliza: ikiwa tumbo litafunguliwa, mbona lisikazwe papo hapo, mambo yakaisha kwa mara moja?

Swali hilo si la kipuuzi. Jibu lake ni kwamba jambo hilo linawezekana, na madaktari katika mataifa mbalimbali wamelifanya kwa miaka mingi. Lakini ugonjwa ndio unaotangulia. Umbo hufuata, na mara nyingi halina budi kusubiri. Mgonjwa asiyeufahamu mpangilio huo anaweza kulipa gharama kubwa kuliko pesa.

Tumbo hilo lina nini?

Kabla ya kuzungumzia kisu, ni sharti ijulikane kwa nini tumbo limekuwa kubwa. Sababu ya kwanza ni mafuta, ambayo mengine hukaa chini ya ngozi na mengine ndani kabisa, yakizunguka matumbo. Ya pili ni ngozi iliyolegea baada ya ujauzito au baada ya mtu kupunguza uzito mwingi. Ya tatu ni misuli. Kuna misuli miwili inayoteremka sambamba kutoka mbavuni hadi kinenani. Mimba inapokua, misuli hiyo huachana ili kumpa mtoto nafasi. Kwa wanawake wengi hurudiana baada ya kujifungua, lakini kwa baadhi yao pengo hubaki, na tumbo huendelea kutokeza hata mwenyewe akikonda.

Sababu ya nne ni ngiri ya kitovu au ya mshono wa zamani. Ya tano, ambayo ndiyo hatari zaidi kupuuzwa, ni uvimbe wa ndani, ama katika kizazi au katika ovari.

Uvimbe wa kizazi uitwao fibroidi si saratani. Huota katika misuli ya kizazi na huwapata wanawake wengi kabla hawajakoma hedhi, hasa wenye asili ya Kiafrika. Unaweza kuwa mdogo kama punje ya haragwe, au ukakua hadi tumbo likafanana na la mja mzito. Dalili zake ni hedhi nzito inayodumu siku nyingi, maumivu ya nyonga, haja ndogo ya mara kwa mara na uchovu unaotokana na upungufu wa damu. Wengine hawahisi lolote ila kuona tumbo likipanda.

Mwanamke wa aina hiyo anaweza kutumia miezi mingi akinunua mikanda ya kubana tumbo na chai za kupunguza uzito zinazouzwa barabarani. Mkanda hauyeyushi fibroidi wala chai haiondoi uvimbe wa ovari. Kipimo cha ultrasaundi, ambacho hakina maumivu, ndicho kinachoweza kuonyesha kama kilichomo ni uvimbe. Mkazi wa Kawangware anaweza kuanzia katika kituo cha afya kilicho karibu, na iwapo atahitaji mtaalamu, aelekezwe kwenye hospitali kubwa kama vile Mbagathi au Hospitali Kuu ya Kenyatta (KNH).

Upasuaji wenyewe

Upasuaji wa kukaza tumbo, ambao madaktari huuita abdominoplasti, si sawa na kufyonza mafuta. Daktari hukata ngozi kwa mstari mrefu chini ya tumbo, kutoka nyonga moja hadi nyingine. Huibandua ngozi pamoja na mafuta yake kutoka juu ya misuli hadi karibu na mbavu. Kisha huishona misuli iliyoachana ili ikutane tena katikati, akavuta ngozi chini, akaikata iliyozidi na kukitengenezea kitovu nafasi mpya. Mara nyingi huacha mirija midogo ya kutoa majimaji yanayokusanyika chini ya ngozi. Kazi hiyo pekee huchukua saa mbili hadi nne.

Kuna aina nyingine inayokusudiwa kuondoa tu ngozi na mafuta yanayoning'inia kama aproni, bila kugusa misuli. Hii hufanywa zaidi kwa sababu za kiafya, kwa mfano pale ngozi inapokunjana, ikatoa jasho, ikachubuka na kupata vidonda visivyopona.

Upasuaji wa magonjwa ya wanawake unaoweza kuambatanishwa na huo ni kama vile kuondoa kizazi, kutoa fibroidi, kutoa uvimbe wa ovari usio wa saratani, kufunga mirija ya uzazi, au kurekebisha kizazi kilichoshuka. Kwa kawaida hufanywa na madaktari wawili: mtaalamu wa magonjwa ya wanawake hushughulikia viungo vya ndani na kuvifunga, kisha glavu na vyombo hubadilishwa, na mtaalamu wa kurekebisha maumbile akaendelea na misuli na ngozi.

Undugu wa zaidi ya karne moja

Fani hizi mbili zimekuwa jirani tangu zamani. Mnamo 1899, Howard Kelly, daktari wa magonjwa ya wanawake wa hospitali ya Johns Hopkins mjini Baltimore, Marekani, aliandika kuhusu mgonjwa aliyemwondolea zaidi ya kilo saba za ngozi na mafuta ya tumbo. Mwaka uliofuata, Hermann Pfannenstiel, daktari Mjerumani wa fani iyo hiyo, alieleza namna ya kuingia kwenye nyonga kwa mkato wa kulala ulio chini ya tumbo. Mkato huo ungali unatumiwa hadi leo, na akina mama wengi waliojifungua kwa upasuaji wana kovu lake.

Mnamo 1967, Ivo Pitanguy wa Brazil alichapisha ripoti kuhusu wagonjwa 300 aliowakaza tumbo kwa mkato wa chini unaofichika ndani ya nguo. Hivyo basi, njia ya daktari wa kizazi na ya daktari wa maumbile zikawa zinapita karibu mahali pamoja. Hapo ndipo wazo la kuunganisha shughuli hizi mbili lilipopata nguvu.

Faida zilizopo

Faida ya kwanza ni kwamba mgonjwa hupewa dawa ya nusukaputi mara moja badala ya mara mbili. Pili, hulazwa mara moja na kukaa nje ya kazi kwa kipindi kimoja. Kwa mtu anayelipwa kila jioni kwa kazi ya siku hiyo, jambo hili lina uzito mkubwa. Tatu, kovu la zamani la upasuaji wa uzazi huweza kuondolewa pamoja na ngozi inayokatwa, na ngiri ya kitovu ikashonwa wakati huo huo.

Kuna pia faida ya kimatibabu. Kwa mgonjwa mnene sana, ngozi na mafuta yanayoning'inia humzuia daktari kufikia nyonga vizuri. Kuyaondoa kunaweza kumpa nafasi ya kufanya kazi yake. Katika hali kama hiyo, kukatwa kwa tumbo si urembo, bali ni sehemu ya tiba.

Hatari zinapojumlishwa

Lakini mtu anapounganisha upasuaji, huunganisha pia hatari zake. Muda wa kulala chini ya nusukaputi hurefuka, damu inayopotea huongezeka na siku za kulazwa huenda zikazidi.

Hatari inayohofiwa kuliko zote ni damu kuganda katika mishipa ya miguu au ya nyonga. Bonge la damu linaweza kung'oka, likasafiri hadi kwenye mapafu na kumuua mgonjwa kwa dakika chache. Upasuaji wa nyonga huongeza uwezekano huo kwa kuwa mishipa mikubwa iko karibu na mgonjwa hulala bila kusogea kwa saa nyingi. Kukaza misuli ya tumbo nako huongeza shinikizo ndani ya tumbo, na damu inayotoka miguuni ikapanda kwa taabu. Yote mawili yakifanywa siku moja, mambo haya huongezana.

Ndiyo maana madaktari wengi hutumia kipimo kiitwacho Caprini, kinachompa kila mgonjwa alama. Mwanamke mwenye umri wa miaka 45 hupata alama 1 kwa umri wake. Akiwa na uzito uliozidi huongezewa 1, akiwa anameza tembe za kupanga uzazi huongezewa 1, na upasuaji mkubwa unaozidi dakika 45 humletea 2. Jumla yake tayari ni 5, na kiwango hicho huhesabiwa kuwa hatari kubwa. Aliyewahi kuganda damu huongezewa alama 3 kwa hilo pekee. Mgonjwa wa aina hiyo huenda akahitaji sindano za kuzuia damu kuganda, soksi maalumu na kusaidiwa kutembea mapema. Wakati mwingine uamuzi wa busara huwa ni kufanya upasuaji mmoja tu.

Hatari nyingine ni maambukizi. Kizazi kinapoondolewa, sehemu ya juu ya uke hufunguliwa, na bakteria wanaoishi huko wanaweza kufika kwenye jeraha. Jeraha la kukaza tumbo ni pana, na ngozi iliyobanduliwa hupata damu kidogo kuliko kawaida. Kwa mvutaji sigara, au mgonjwa wa kisukari ambacho hakijadhibitiwa, ngozi hiyo inaweza kufa na kuacha kidonda kikubwa.

Tukio la Nairobi mnamo Oktoba 2024 liliukumbusha umma kwamba huduma za kurekebisha umbo si mchezo. Mwanamke mmoja alifariki baada ya kufanyiwa upasuaji wa kufyonza mafuta katika kliniki ya kibinafsi, na Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno nchini (KMPDC) likaamuru kliniki hiyo ifungwe. Upasuaji huo haukuhusiana na kizazi, lakini ulionyesha umuhimu wa mgonjwa kuuliza anapasuliwa wapi na nani.

Nani asubiri?

Mja mzito anayetarajia kujifungua kwa upasuaji hafai kukazwa tumbo siku hiyo hiyo. Ripoti za kitaifa za afya zinaonyesha kwamba uzazi wa aina hiyo nchini Kenya uliongezeka kutoka asilimia 9 mnamo 2014 hadi asilimia 17 mnamo 2022, na kwa hivyo swali hili linawahusu akina mama wengi. Wakati wa kujifungua, kizazi kingali kikubwa, ngozi na misuli imetanuka kupita kiasi, na damu ya mzazi huganda kwa urahisi kuliko kawaida. Daktari hawezi kujua ngozi itajirudi kiasi gani. Ushauri wa kawaida ni kungoja angalau miezi sita hadi mwaka mmoja, na mama awe ameacha kunyonyesha.

Anayetaka kuzaa tena asubiri pia. Mwanamke aliyetolewa fibroidi na kubakishiwa kizazi ili apate mtoto atalitanua upya tumbo lililokazwa, na fedha zake zitakuwa zimepotea.

Mwenye upungufu wa damu hana budi kutibiwa kwanza. Shirika la Afya Duniani (WHO) huhesabu kwamba mwanamke asiye na mimba ana upungufu iwapo himoglobini yake iko chini ya gramu 12 kwa desilita. Wagonjwa wengi wa fibroidi huwa chini ya kiwango hicho kwa sababu ya hedhi nzito. Kumwongezea mtu kama huyo upasuaji usio wa lazima ni kumhatarisha bure.

Panaposhukiwa saratani, mambo ya umbo huwekwa kando. Daktari huenda akahitaji mkato wa kusimama kutoka juu hadi chini ili akague tumbo lote, na mgonjwa anapaswa kupona upesi ili aendelee na tiba nyingine.

Kuna onyo jingine ambalo halitajwi mara nyingi. Hamu ya kupata tumbo bapa isimfanye mwanamke akubali kuondolewa kizazi kisichohitaji kuondolewa. Fibroidi ndogo zisizo na dalili zinaweza kufuatiliwa tu. Nyingine hutibiwa kwa dawa, au hutolewa zenyewe kizazi kikabaki, na kwa kawaida husinyaa hedhi inapokoma. Kizazi kikiondolewa hakirudi. Uamuzi wa kukiondoa ufanywe kana kwamba habari ya kukaza tumbo haijatajwa kabisa.

Wiki sita bila kubeba mtungi

Wengi huhesabu siku za hospitalini na kusahau za nyumbani. Baada ya upasuaji wa pamoja, mgonjwa hushauriwa asibebe kitu kizito kwa wiki sita au zaidi. Mtungi wa maji wa lita 20 una uzito wa kilo 20. Mtoto wa miaka miwili anayebebwa mgongoni ana zaidi ya kilo 10. Kufua nguo kwa kuinama, kusukuma mkokoteni na kuinua gunia la viazi ni kazi zinazoweza kufumua mishono ya misuli.

Siku za mwanzo mgonjwa hutembea ameinama kidogo kwa kuwa ngozi imevutwa. Anaweza kwenda nyumbani akiwa bado na mirija ya majimaji, ambayo huhitaji kumwagwa na kusafishwa kila siku. Kwa anayeishi chumba kimoja katika ploti yenye choo cha pamoja, ghorofa ya tatu bila lifti, maji yakiwa ya kununua, mambo haya ni mazito. Ni heri apange mapema ni nani atakayeteka maji, atakayepika na atakayewapeleka watoto shuleni. Kama hakuna wa kumsaidia, huenda kipindi kimoja kirefu cha kupona kikamshinda kuliko viwili vifupi.

Ni vyema pia familia ijue dalili za hatari: mguu mmoja kuvimba na kuuma, kifua kubana au pumzi kukata ghafla, homa, usaha au harufu mbaya kutoka kwenye jeraha, ngozi kugeuka nyeusi, na damu nyingi kutoka ukeni. Dalili hizi zinaweza kutokea wiki kadhaa baada ya mgonjwa kuruhusiwa kwenda nyumbani. Asingoje asubuhi, apelekwe hospitalini mara moja.

Nani atalipa?

Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA) ilichukua mahali pa bima ya kitaifa ya NHIF mnamo Oktoba 2024. Wanachama huchanga asilimia 2.75 ya mapato yao, na kiwango cha chini ni Sh300 kwa mwezi. Kwa kawaida bima hugharamia matibabu ya ugonjwa, wala si urembo. Kwa hivyo, sehemu ya kizazi inaweza kulipiwa huku ile ya kukaza tumbo ikiachiwa mgonjwa mwenyewe. Gharama yake hujumuisha daktari wa pili, muda wa ziada katika chumba cha upasuaji, nusukaputi, dawa na vazi maalumu la kubana tumbo.

Mgonjwa adai bili mbili zilizotenganishwa kwa maandishi kabla ya siku ya upasuaji. Aulize pia nani atalipa iwapo matatizo yatatokea akahitaji kurudishwa katika chumba cha upasuaji au kulazwa katika chumba cha wagonjwa mahututi.

Maswali ya kumuuliza daktari

Sheria ya Afya ya 2017 inamtaka mhudumu kumweleza mgonjwa hali yake, tiba zilizopo, faida, hatari na gharama zake, kwa lugha anayoielewa, kabla ya kumwomba idhini. Kutia sahihi karatasi usiyoielewa si idhini. Mgonjwa hahitaji kuona haya kuuliza yafuatayo:

1. Je, ugonjwa wangu unahitaji upasuaji kweli, au kuna tiba nyingine?

2. Ni madaktari gani watakaonipasua, na je, wote wawili wamesajiliwa kama wataalamu wa fani zao? KMPDC ina orodha ya madaktari na hospitali zilizoidhinishwa ambayo umma unaweza kuikagua.

3. Upasuaji wote utachukua saa ngapi? Ukikadiriwa kuzidi saa sita, kwa nini usigawanywe mara mbili?

4. Je, nimepimwa hatari ya damu kuganda, na nitakingwaje?

5. Je, hospitali hii ina damu ya akiba, mtaalamu wa nusukaputi wakati wote na chumba cha wagonjwa mahututi?

6. Mambo yakienda kombo baada ya daktari wa kwanza kumaliza, je, mtakubali kuahirisha kukaza tumbo?

7. Je, mnafuata orodha ya usalama wa upasuaji ya WHO?

Orodha hiyo ilizinduliwa mnamo 2008, ikiwa na mambo 19 ya kuhakikishwa kabla ya nusukaputi, kabla ya kukata na kabla ya mgonjwa kutolewa. Ilijaribiwa katika hospitali nane duniani, mojawapo ikiwa Ifakara, Tanzania. Matokeo yaliyochapishwa 2009 yalionyesha kwamba vifo vilipungua kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, na matatizo baada ya upasuaji yakashuka kutoka asilimia 11 hadi 7.

Swali la sita ndilo lenye uzito kuliko yote. Daktari mwema hujibu bila kusita kwamba damu ikipotea kupita kiasi, au ikipatikana dalili ya saratani, atafunga tumbo na kuiacha kazi ya umbo hadi siku nyingine. Mgonjwa atakayeamka na kuambiwa hivyo huenda akasikitika, lakini atakuwa ametibiwa ugonjwa uliompeleka hospitalini na atarudi kwa watoto wake. Ngozi ya tumbo inaweza kungoja mwaka mzima bila kumdhuru.